Bi Miba na Swali la Mahori Mawili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika shamba letu la ng'ombe wa maziwa, Bi Miba anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi liko kwenye faili la ofisi, lakini ukiliita uani hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe.

Kila aliyeombwa kuandika wasifu huu alikuwa na udhuru, ndipo kazi ikaniangukia mimi, mpwa wake, ninayeosha madumu ya maziwa hapa wakati wa likizo. Nakiri kwamba mbele za watu sauti yangu hujificha, kwa hiyo afadhali niandike. Nakiri pia kwamba nilianza kuandika roho ikiwa juu. Meneja alikuwa ametangaza kuwa asipopatikana mtu wa kushika kisu cha Bi Miba, mpungate wote utang'olewa na kupandwa nyasi za kawaida. Tangazo lilikaa ubaoni. Watu walilisoma huku wakijikuna.

Kwa wasiotufahamu: mpungate ni lile dungusi la majani mapana, manene, ambayo sisi tunayaita sahani. Wetu hauna miba mikubwa, ila una vinyweleo visivyoonekana, vinavyoingia kidoleni na kukaa humo kama mpangaji mkorofi. Bi Miba huvitoa kwa selotepu. Mhasibu aliwahi kuuliza inakuwaje banda la ng'ombe litumie selotepu nyingi kuliko ofisi yake. Alikaribishwa aje akate sahani moja tu, na hakuuliza tena.

Bi Miba aliajiriwa kufagia banda. Wakati huo mpungate ulikuwa ua wa nyuma, wa kuzuia mbuzi wa jirani. Ukame ulipomaliza nyasi, yeye ndiye aliyegundua kwamba mbuzi wale hawazuiliki hata kidogo, wanautafuna. Akajiuliza: kama mbuzi wanaula, ng'ombe wana nini? Akazibabua sahani motoni kuondoa vinyweleo, akazikatakata, akajaza mahori. Ng'ombe walikula kama wako harusini. Kosa lake lilikuwa kuwapa mpungate mtupu, bila kitu kikavu ndani yake, na mpungate karibu wote ni maji. Kesho yake banda lilikuwa bwawa. Mkamuaji mkuu, ambaye sote tunamwita Kamanda, alisukuma uchafu ule kwa koleo huku akilalamika kwamba huyu mama kawalisha ng'ombe mto mzima. Maneno yake mengine hayachapishiki hapa.

Tangu siku hiyo kila sahani huchanganywa na mabua makavu, na shamba halijauza tena ng'ombe kwa sababu ya ukame.

Kumtazama akivuna ni raha. Hukata kwenye kiungo, kwa kisu safi, na haligusi jani mama wala lile lililoota juu yake, ili mmea uwe na pa kuchipulia. Siku ya mvua hakati kabisa, maana kidonda kibichi huoza. Sahani za kupanda huzilaza kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo azisimike ardhini. Fundi bomba aliwahi kujitolea kumsaidia, akapanda safu nzima ya sahani zilizotoka kukatwa muda huohuo. Zilioza zote. Hadi leo fundi huyo akimwona Bi Miba hukumbuka bomba linalovuja upande wa pili.

Lakini kazi yake hasa, mimi naona, ni kuuliza. Mwaka huu aliona ng'ombe wanasitasita mbele ya mpungate uliokatwa alfajiri, ilhali wa alasiri wanaufagia. Hakumuuliza mtu, aliulamba. Wa asubuhi ukamkunja uso, wa alasiri akasema ukali umepungua. Nikapekua kitabu cha biolojia cha shule, kile cha Kiingereza, nikamtafsiria: mmea huu hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku ili usipoteze maji, hewa unayoivuta unaiweka akiba ikiwa asidi, kisha mchana unaitumia. Nilitegemea atafurahi. Akataka kujua kama kitabu kinasema ng'ombe nao wanajali. Hakisemi.

Basi akapanga mahori mawili, moja la mpungate wa asubuhi, jingine wa alasiri. Ng'ombe wakaliendea la alasiri. Kamanda akacheka akishika mbavu: hao wanamfuata Malkia, ng'ombe wetu mzee, na Malkia hupenda tu upande wenye kivuli! Bi Miba akabadilisha mahori nafasi. Malkia akasimama katikati, akayatazama yote mawili, akaenda kunywa maji.

Ubishi ukahamia chumba cha chai. Kamanda alishikilia kwamba jaribio bila kumtenga Malkia ni porojo. Bi Miba akajibu kwamba ni sawa, atengwe, lakini nani atakata sahani wakati yeye yuko nyumbani na mpungate umeshang'olewa?

Ijumaa meneja alituita wote, akauliza kwa mara ya mwisho. Watu walitazama viatu vyao. Nami nilitazama vyangu. Kisha Kamanda akasimama, akasema kisu atashika yeye, na mtu asidhani ameupenda huo mmea, ila hawezi kumwacha huyu mama aende nyumbani akiamini ameshinda. Meneja alisema kwake sababu yoyote inatosha. Mimi nilitoka nje kidogo, machozi yamenitangulia.

Sasa wanashinda wote wawili kwenye mpungate, mmoja akifundisha, mwingine akipinga. Bi Miba amekubali kuondoka kwa sharti moja: Malkia akishatengwa, matokeo yasitangazwe yeye hayupo. Meneja amemwagiza mlinzi asimfungie geti.

Bi Miba, shangazi yangu, ahsante kwa mikono yako na kwa maswali yako. Wenzako wote wanakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za furaha. Kamanda naye anakutakia mapumziko marefu, walau mpaka apate jibu.