Mashavu ya Mama Gobnait, Hakimu wa Inis Dreoil

Ndiyo, ni kweli, anaondoka. Hapana, hajafukuzwa, hajagombana na Chifu, wala hajashinda bahati nasibu. Mama Gobnait Ní Loideáin anastaafu Jumamosi hii, tarehe mosi Novemba, siku mwaka wetu unapoanza, baada ya kuwa hakimu wa kisiwa hiki kwa miaka ishirini na sita. Umeniuliza dukani, umeniuliza njiani, Jumapili umeniuliza kanisani padri akiwa katikati ya maneno yake. Sasa kaa usome. Nimepewa ukurasa mzima wa jarida la watumishi wa serikali, na watumishi wenyewe tuko watano, kwa hiyo wote mtasoma na mtabisha.

Nchi hii ilipoanzishwa, Lorcán Ó Flannabhra alitukusanya kwenye banda la zamani la mashua ya uokoaji, akasema kuanzia leo tunajitawala kwa sheria za Kigaeli za mababu zetu. Kutakuwa na chifu wa kuchaguliwa. Kutakuwa na naibu, naye atachaguliwa wakati chifu bado yuko hai, ili chifu asijisahau. Kutakuwa na mshairi wa serikali, wa kumsifu chifu akitenda vizuri na kumtukana akiharibu. Na kutakuwa na hakimu. Serikali ile kubwa ya ng'ambo ya maji ilituandikia kututakia kila la heri, ikatukumbusha kulipa kodi.

Chifu alipatikana palepale, maana Lorcán alikuwa ameshavaa joho. Naibu alipatikana. Washairi walijitokeza saba, ikabidi sita wabembelezwe wakae chini. Hakimu akakosekana.

Sababu ilikuwa shavu. Lorcán, alipokuwa anaandika sheria zetu, alikuta imani ya zamani kwamba hakimu akihukumu vibaya, shavu lake linavimba watu wote waone. Akaona inapendeza, wageni wataifurahia, akaitia ndani neno kwa neno: shavu la hakimu likivimba, hukumu yake imekufa. Sasa nani anataka kazi ya kukaguliwa uso kila asubuhi kama samaki wa sokoni?

Mama Gobnait alikuwa nyuma ya banda anakata mkate wa soda kwa ajili ya mkutano. Akaweka kisu chini. "Wanaume wazima mnaogopa shavu," akasema. "Mimi nimezaa mapacha katikati ya dhoruba na mkunga alikuwa ng'ambo. Nipisheni." Akakaa kitini. Hatoki mpaka Jumamosi hii.

Kesi yake ya kwanza alishtakiwa yeye mwenyewe. Mama Gobnait anafuga nyuki, na sheria ya mababu inasema nyuki wako wakila maua ya jirani, jirani ana fungu lake la asali. Mzee Tadhg wa juu ya kilima akasimama kudai. Basi mshitakiwa ni Gobnait na hakimu ni Gobnait. Alikwenda upande huu akajiuliza swali, akahamia upande ule akajijibu, akarudi kitini akajikaripia kwa kujibu kwa kiburi. Mwishowe alijitia hatiani, na akajiambia aondoke mahakamani akiwa na adabu. Tangu mwaka ule kila nyumba kisiwani inapata chupa ya asali majira ya kiangazi yakiisha. Waliokuja kucheka ndio leo wanaolamba vidole.

Halafu kuna ile ya mbwa. Mnajua huku kwetu mtu mkubwa akikosa analipa faini kubwa kuliko mtu mdogo, maana heshima yake ni nzito. Mbwa wa naibu wa chifu akala bata wa mshairi. Naibu akapiga hesabu yake, akaja mahakamani asubuhi akiwa amejiuzulu unaibu, uso mnyenyekevu, kofia mkononi.

"Mimi ni raia wa kawaida tu, Mama."

"Pole sana," Mama Gobnait akamwambia. "Na unaibu utaurudia lini?"

Yule bwana hakufikiri. "Jumatatu."

"Vizuri. Kesi yako itasikilizwa Jumatatu."

Lakini wote mnajua kesi iliyomfanya Gobnait awe Gobnait. Ni ile ya gati la Dairíne, na kwa kuwa kuna vijana wanaoisimulia vibaya, acha niinyooshe.

Dairíne Ní Ghríofa alifiwa na mumewe, akabaki na watoto wawili na mashua ya kutega kamba koche. Mashua ilikuwa inafungwa kwenye lile gati dogo la mawe upande wa magharibi, lililojengwa na babu wa marehemu. Chifu Lorcán akalitamani. Alitaka kujenga nyumba ya wageni pale, wageni wateremke mlangoni kabisa na mabegi yao. Akasema gati liko kwenye ardhi ya chifu, kwa hiyo ni la chifu. Dairíne akasema kila jiwe lina mkono wa familia yao. Na hapakuwa na gati lingine la kumfaa, upande wa mashariki mawimbi yangepasua mashua yake wiki ya kwanza. Akipoteza gati, anahama na watoto. Watoto wakihama, shule inabaki na mwanafunzi mmoja, na huyo mmoja ni mtoto wa mwalimu. Shule ikifungwa, tungebaki wazee na kondoo tunatazamana.

Mama Gobnait alisikiliza siku nzima. Jioni akatoa hukumu: gati ni la Dairíne. Watu wakapiga miguu sakafuni. Lorcán akatoka bila kuaga.

Jioni ileile Mama akaenda kurina asali. Wavu wake wa uso ulikuwa na tundu. Asubuhi alipofungua mlango, shavu lake la kushoto lilikuwa limeumuka kama mkate.

Kufika saa nne kisiwa kizima kilikuwa uani kwake. Lorcán alikuja na joho lake, na mara hii alikuja anatembea taratibu.

"Habari ya asubuhi, Mama. Naona umelala vibaya."

"Nyuki, Lorcán."

"Nyuki gani? Sheria yetu haina nyuki. Ina shavu."

"Nimekwambia ni nyuki."

"Kuna aliyemuona?"

Hakuna aliyemuona. Na ndio hapo watu walianza kunong'ona. Msiwacheke, na wewe ulikuwepo na ulinong'ona. Sisi ndio tuliopiga kura kwamba shavu linasema, tukapigia na makofi. Huwezi kuamini shavu siku za sherehe, siku za shida ukaamini nyuki. Dairíne alisimama pembeni na watoto wake, na nilimuona anatazama mashua kama mtu anayepima kitakachoingia ndani na kitakachoachwa.

Mama Gobnait angeweza kugoma. Angeweza kumfukuza Lorcán kwa fagio, na tungemsaidia. Yeye akasema, "Sheria ni sheria. Shavu hili likipungua tutakutana bandani."

Siku ilipofika banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ngazi. Mama akapanda kitini. "Chifu amesema shavu langu lilivimba, kwa hiyo hukumu ya kwanza imekufa. Nakubali. Basi natoa ya pili. Gati ni la Chifu."

Dairíne akainuka. "Mama, umeniuza mbele ya watoto wangu."

"Kaa chini, binti yangu. Sijafunga mahakama." Akashuka, akavua kofia. "Siku ya hukumu ya kwanza nilikwenda kwenye mizinga jioni. Leo nimetoa hukumu ya pili, nakwenda kwenye mizinga jioni. Mara ile hapakuwa na shahidi. Leo mtakuja wote. Na wewe Chifu utasimama mbele, usije ukasema mtu alikuzibia."

Tukaenda. Kisiwa kizima kimepanga mstari kwenye ukuta wa mawe, kwa umbali wa watu waoga. Mama hakuvaa wavu. Hakuchukua moshi. Alifungua mzinga kwa mikono mitupu, akatoa sega moja, polepole, na nyuki wakampanda mpaka shingoni. Akakaa vile mpaka mmoja wao akafanya kazi yake kwenye shavu la kulia. Akafunga mzinga, akatugeukia. "Mmemuona?" Tukasema tumemuona. "Chifu, umemuona?" Lorcán akasema amemuona. "Basi kalaleni."

Asubuhi shavu la kulia lilikuwa limevimba mpaka jicho limefungwa. Alipanda kitini ameshikwa mkono na Dairíne, maana upande mmoja haoni.

"Chifu Lorcán. Wewe ndiye uliyeandika sheria hii, kwa hiyo nakuuliza wewe. Hili shavu limevimba kwa nini?"

Mtu yeyote angeona Lorcán alipokwama. Akisema ni nyuki, basi na la kwanza lilikuwa nyuki, na hukumu ya kwanza haikufa, gati ni la Dairíne. Akisema ni shavu limesema, basi hukumu ya pili, ile iliyompa yeye gati, nayo imekufa kama ya kwanza, na gati linabaki mikononi mwa Dairíne. Kila mlango aliotaka kutokea, Dairíne alikuwa amesimama hapo na mashua yake.

Mama mzazi wa Lorcán, aliyekaa mstari wa mbele, akachoka kungoja. "Mjibu hakimu, Lorcán. Nimeacha viazi motoni."

"Nyuki," akasema Lorcán.

"Jicho moja halioni, na sikio nalo limeziba," Mama Gobnait akasema. "Umesemaje?"

"Nyuki, Mama. Ni nyuki. Yote mawili."

"Iandikwe hivyo."

Kelele za siku ile zilisikika ng'ambo, tukaja kuulizwa kama tumepata mafuta. Mshairi wa serikali alimtukana Chifu kwa beti thelathini, kama sheria inavyotaka, na Chifu alisimama akasikiliza zote, kama sheria inavyotaka. Na nimpe Lorcán haki yake: wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe na nyundo kumsaidia Dairíne kurudisha mawe yaliyong'olewa na bahari. Kifungu cha shavu hakikufutwa. Kiliongezewa tu maneno kwamba hakihesabiki majira ya asali. Wale watoto wawili leo wana watoto wao shuleni, na mwalimu analalamika madawati hayatoshi.

Mama Gobnait, kwa niaba ya watumishi wenzako, ahsante. Ulitukuta tunacheza nchi, ukatufanya tuwe nayo. Nenda kwa mwanao ng'ambo, ulale mpaka jua lipande, upikiwe chai na mtu mwingine, na usikie watu wakigombana dirishani ukageukia upande wa pili. Umestahili, na tunakuombea miaka mingi ya namna hiyo.

Sasa wewe msomaji, sogea karibu, tuzungumze biashara. Kuna jambo moja linamkosesha raha. Kiti chake hakijapata mtu, na mezani kuna kesi ambazo hazijasikilizwa. Anasema anaona aibu kupanda mashua akituacha tunashikana mashati. Moja ya hizo ni yako na jirani yako, ile ya ngazi. Nyingine ni yangu na Mzee Tadhg, kuhusu jogoo wangu, ambaye nasema hapa mbele ya taifa zima kwamba hana kosa lolote, anawika tu mapema kwa sababu ana bidii.

Basi tufanye hivi. Wewe mrudishie jirani ngazi yake kabla ya Jumamosi, bila hakimu, umshike mkono, tukamuage Mama pale gatini kwa Dairíne meza yake ikiwa tupu. Ukifanya hivyo, na mimi kesi yangu naimaliza siku hiyohiyo: jogoo namleta mwenyewe kwenye sherehe, ndani ya sufuria, na paja la kwanza ni la Tadhg. Umekubali? Njoo na bakuli.