Agapiti Masele na Paa Lisilo na Nguzo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani kwako pale Segese, ongeza sauti. Mimi ni Eunice Mwigulu, na leo namkumbuka fundi seremala mmoja. Jina lake Agapiti Masele, wa Ushirombo. Agapiti ametutoka mwezi uliopita. Ameacha mke, ameacha watoto, na ameacha paa la kanisa ambalo watu wanatoka mbali kuja kulitazama.

Kabla ya useremala, Agapiti alikuwa mchimbaji. Yeye na kaka yake, Boaz, walifanya kazi kwenye duara moja huko Geita. Duara ni shimo la dhahabu. Kazi yao ilikuwa kuweka matimba, yale magogo yanayozuia mawe na udongo visiporomoke. Asubuhi moja ya masika Agapiti alipanda juu kuchukua maji ya kunywa. Akasikia mlio chini yake. Gogo moja lilikuwa limeoza ndani, ingawa kwa nje lilionekana zima. Likavunjika, na mengine yakafuata.

Watu walichimba. Kila walipochimba, kuta ziliporomoka tena, mpaka wakakatazwa kuendelea. Boaz alibaki humo. Nyumbani waliomboleza bila jeneza.

Wiki hii nilikwenda kumpa pole mjane wa Agapiti, Evelina, ambaye wote pale wanamwita Mama Elieth. Tuliketi nje, akinichambulia karanga huku akiongea.

"Aliporudi, alikuwa mtu mwingine," aliniambia. "Kanisani alikaa mlangoni tu. Namwuliza, Baba Elieth, mbona hatusogei mbele? Ananijibu, 'Zile nguzo siziamini.'"

Maana kanisa lao la kigango, wasikilizaji wapendwa, lilishikiliwa na nguzo za miti katikati, na mchwa walikuwa wameanza kuzila.

Agapiti akaondoka kutafuta kazi Mafinga, kwenye misitu ya paini. Huko akaajiriwa kwenye karakana moja, na huko akakutana na jambo lililombadilisha. Aliona mafundi wanachukua mbao nyembamba, wanazikausha, wanazipiga randa, wanazipaka gundi, wanaziunga ncha kwa ncha, wanazipanga moja juu ya nyingine. Kisha wanazibana kwa vyuma mpaka zinakuwa boriti moja. Wakitaka inyooke, inanyooka. Wakitaka ipinde kama upinde, inapinda. Na kama ubao mmoja una kasoro, ule wa juu yake na wa chini yake wanaubeba.

Alimpigia simu mkewe siku hiyohiyo. "Mama Elieth, nimeona boriti ndefu kuliko mti wake!"

Mama Elieth alicheka aliponisimulia hayo. Halafu akarudia karanga zake. "Alikaa huko miaka. Sauti inakuja, mtu haji. Nikawa naichukia hiyo gundi."

Hatimaye alirudi. Lakini alirudi anakohoa. Hospitalini wakamwambia ni vumbi la mawe, lile la shimoni, limekaa kwenye mapafu, na kwamba mapafu hayo hayatarudi kama zamani.

Wakati huohuo waumini waliamua kujenga kanisa jipya. Agapiti akasimama kwenye kikao, akiwa anahema. Akasema, "Niachieni paa. Nitawapa paa bila nguzo katikati." Wakamkubalia. Mhandisi akapiga hesabu za unene. Fundi mwenzake, Onesmo, akaja kumsaidia.

Boriti ya kwanza ilipokamilika, waliiinua kwenye magogo mawili na kuipandishia mifuko ya mchanga, kuijaribu. Watu walikuwa wamejaa. Mara ikalia, ta! Mbao zikaachana kama kurasa za kitabu kilicholoa.

Agapiti akaondoka pale. Onesmo alimkuta amekaa nyuma ya uzio wa minyaa, mikono masikioni. Onesmo mwenyewe alinieleza walivyozungumza.

"Mbao zilikuwa bado na maji," Agapiti alimwambia. "Nilijua. Nimeharakisha."

"Kwa nini uharakishe, kaka?"

"Naogopa sitawahi."

"Zikikaa mpaka zikauke sawasawa, ni lini?"

"Baada ya mvua. Labda nitakuwepo, labda sitakuwepo."

Wasikilizaji wapendwa, hapo mtu angeweza kukata kona. Angeweza kupigilia misumari, akaweka nguzo moja ya kuficha aibu. Agapiti alifuta macho akasema, "Zipangeni kivulini, zipate upepo. Watu watakaa chini yake."

Wakasubiri. Mvua zikanyesha, zikakatika. Mbao zikakauka, na Agapiti naye akawa anakonda. Walipoanza kugundisha upya, hakuweza tena kushika randa. Alikaa kwenye kiti, akiwaelekeza kwa mkono. Safari hii mifuko ya mchanga ikapandishwa, boriti ikanyamaza. Ikaongezwa mingine. Boriti ikanyamaza vilevile. Onesmo anasema watu walipiga vigelegele, Agapiti akalia kama mtoto.

Siku boriti zote ziliposimama, bati likiwa bado, walimleta kwa bajaji. Wakamtandikia godoro katikati ya kanisa. Juu yake mbao zilipinda kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati ya mbao ilionekana mbingu. Alitazama muda mrefu.

"Boaz angepapenda hapa," alisema.

Kisha akasinzia, palepale, chini ya boriti zake. Mama Elieth akakaa kando akimfukuzia nzi. "Hakushtuka hata mara moja," aliniambia. "Tangu shimoni, sijamwona analala hivyo."

Agapiti Masele alifariki kabla bati halijapigwa. Misa yake ya mazishi ilisaliwa humo, jua likiwaka juu ya jeneza. Padri alitaja majina mawili, la Agapiti na la Boaz.

Kwa Mama Elieth, kwa watoto, kwa fundi Onesmo na kwa waumini wote wa kigango kile, sisi hapa studioni tunawapa pole sana. Mungu awatie nguvu.

Nilipoaga, Mama Elieth alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia neno moja, nami nawaachia ninyi. Alisema, "Watu wananiambia amepumzika. Sawa, amepumzika. Lakini mimi nilikuwa bado sijamchoka."

Wasikilizaji wapendwa, mfikirie leo mtu ambaye bado hujamchoka. Kama anapumua, mwambie.