Nilivyobaki Ndani ya Ua wa Miiba

Mbukwenyi, wazee wangu. Na ninyi ndugu zangu mnaonitazama makovu ya usoni, nitazameni tu, nimeshazoea.

Kuna swali limeninyima usingizi tangu baba azikwe. Alipokuwa akikata roho aliniita, na mimi sikwenda. Je, nilikataa kwa kuwa niliwapenda watu wa nyumbani, au niliogopa tu kumwona akifa? Swali hili nimeligeuza kila upande. Nikipata jibu asubuhi, jioni nalitilia shaka. Mnanijua, mimi hata chumvi kabla sijaitia kwenye mboga huifikiria kwanza.

Nilikuwa nimehitimu ualimu kule misheni, narudi kwetu upande wa Bahi. Njiani nikapumzika kwenye kambi ya watu wanaowajengea Wadachi reli. Nikala nao, nikalala mkeka mmoja na mtu mwenye homa. Nilifika nyumbani mzima, baba akachinja beberu kwa furaha. Baadaye kidogo kichwa na mgongo vikaanza kuuma, kisha vipele vikanitoka usoni na mikononi.

Ilikuwa ndui.

Amri ya serikali mnaijua: mgonjwa atolewe nje ya kijiji, azungushiwe miiba, asihudumiwe na mtu isipokuwa aliyewahi kuugua akapona. Askari waliita karantini. Kwetu tuliita kutupwa, maana, tusidanganyane ndugu zangu, kwetu aliyepelekwa porini ni yule aliyekwisha kufa. Mama alimshika jumbe nguo.

"Mwanangu bado anapumua, mnampeleka kwa fisi?"

"Mama, tembe lenu lina vyumba vingapi na mlango mmoja?" jumbe akamjibu. "Akibaki humo, fisi watatufuata wote."

Nikapelekwa kwenye kibanda porini, ndani ya ua wa miiba. Aliyenihudumia ni mama mmoja aliyeugua ndui utotoni. Hakuwa ndugu yangu. Alipoingia kunitunza alijua naye hatatoka mpaka mimi nitoke, na nyumbani kwake alikuwa na watoto. Nilipojikuna alinipiga mkono.

"Mwalimu, acha! Unataka uso kama wangu? Mimi nilishaolewa, wewe bado hujaoa."

Nilicheka huku nalia. Homa ikashuka, vipele vikakauka vikawa magamba, nikaanza kusimama. Hapo ndipo habari ya baba ilipofika: kifua kilichomsumbua miaka yote kilikuwa kimembana, hali wala halali.

Mnafahamu desturi yetu. Baba akijiona anaondoka humwita mwanawe wa kwanza, hutia maji kinywani, humpulizia kifuani. Ndiyo baraka yenyewe, na ndiyo kumkabidhi nyumba. Mimi ndiye wa kwanza. Na siku ya jambo kama hilo ukoo mzima hujaa chumba kimoja, bega kwa bega, wazee na wanaonyonya.

Kawaida ya ushuhuda ni kushukuru mwishoni. Mimi naomba nishukuru sasa, kwa sababu nikifika mbele sauti hukwama. Namshukuru yule mama wa kibandani, aliyewaacha wanawe kwa ajili ya mtoto wa watu. Namshukuru mama yangu, aliyekuja kila siku kusimama mbali na kuniita jina langu mpaka niitike, kisha akaondoka bila neno lingine. Namshukuru mdogo wangu, aliyepuliziwa maji yale badala yangu na hajanirushia neno baya hata leo. Wako wa ukoo wasionisalimu mpaka sasa. Siwalaumu. Nami nawaambia nilichojifunza, kama kitawafaa: kumtenga mgonjwa ni kazi isiyoonyesha faida yake. Aliyekufa akiniita namjua. Aliyepona kwa sababu nilibaki simjui, na pengine hayupo. Hata hivyo tukimtoa mtu nje, tusimtoe kama tunavyomwaga majivu. Aitwe jina lake kila siku. Na wazee wetu watubariki mapema, wakiwa bado na nguvu, tusiwaache wasubiri saa ya kukata roho.

Sasa namalizia.

Asubuhi ile alikuja baba mdogo, na nyuma yake shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, kabeba mtoto mgongoni.

"Toka," baba mdogo akasema. "Kaka anakuita."

"Shikamoo, baba. Magamba hayajaanguka yote."

"Magamba? Unasimama, unaongea, unanibishia. Mgonjwa gani huyo?"

"Tulifundishwa kwamba ugonjwa unakaa humo mpaka lianguke la mwisho."

"Ulifundishwa pia kumwacha baba yako afe akiangalia mlango?"

Nikamwomba baba mdogo amwambie baba atie maji yake kibuyuni, kibuyu kiwekwe nje ya miiba, nijipake mwenyewe.

"Baraka haitumwi kama ugoro, mwanangu," alisema, na safari hii hakuwa na hasira. Alikuwa analia. Akashika tawi la mgunga lililoziba njia, akalivuta pembeni, akaninyooshea mkono. Yule mama wa kibandani alinitazama. "Mimi sikuzuii," akasema. "Baba ni wako."

Njia ilikuwa wazi. Nilifikiri: pengine nimeshapona kabisa. Nikafikiri tena: pengine sijapona. Nikajitazama mkono wangu, gamba moja likiwa limeinuka nusu karibu na kiganja, na mkono wa baba mdogo ukiningoja. Nyuma yake shemeji alikuwa amefungua mikono yote miwili kunipokea, kama mnavyompokea mtu aliyerudi kutoka mbali, na mtoto akichungulia begani kwake.

"Mwambie baba nimemsikia," nikasema. "Mwambie nimesikia na ninamwitikia hapa nilipo. Mpeleke mdogo wangu kifuani pake."

"Hutakuja?"

Nililikamata lile tawi, miiba ikaniingia viganjani, nikalivuta kwa ndani mpaka njia ikazibika.