Beseni la Osée

Kwenye benchi langu la kahawa hapa Kimanga, kila mtu ni bingwa wa jambo lisilomhusu. Mimi ni Djamali. Namimina, nasikiliza ujinga. Asubuhi ile niliporudi kuteka maji nilikuta Gédéon, tunayemwita Avoka, yaani wakili, ingawa mahakama anaiona kwa nje tu, na Pitchou, yaani Radio, wamefungua kitambaa magotini wanatafuna karanga. Mara Osée, mteja wangu wa kila siku, akaja na beseni kwapani, uso umemshuka. Jumapili alilipeleka kwa mama yake Fanny, msichana anayempenda, limejaa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kuanza uchumba. Leo amelikuta mlangoni kwake, tupu. Na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

— Banakukatala, Avoka alisema akitafuna. Lojiki iko kama mafiga, majiwe tatu. Ya kwanza: muntu mwenye anakupenda harudishake beseni bila kitu. Ya pili: beseni imerudi bila kitu. Ya tatu inatoka yenyewe: habakupendi. Voilà!

— Pengine balisahau, Osée alisema.

— Kusahau? Radio alidakia. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Ile beseni inavuma: iko mwanaume ingine!

— Wa kule Kamanyola, Avoka akasema. Iko na kamyo ya kubeba mizigo.

— Kamyo mbili! Na kikwembe ya ndoa banaisha kushona!

Kutoka beseni hadi kikwembe, kahawa haijapoa! Walinikera, lakini ile hoja ya mafiga niliitikisa kichwani, ikagoma kuanguka.

Osée akatoa simu.

— Namuandikia Fanny tuachane. Singoji kufukuzwa.

— Andika! Weye ni mwanaume, Radio alisema, akachota karanga za mwisho.

Kidole kilikuwa bado kinaandika alipotokea mama mmoja akihema kwa mwendo. Alikuwa Zaina, shangazi yake Fanny.

— Osée, mutoto yangu, beseni uliiona? Kuku zako zilikuwa palepale mulangoni, nikaogopa zitakula. Nikaacha beseni, yenye ilikuwa ndani nikaifunga kwa kitambaa, nikakuachia hapa kwa benchi, sababu unakunywaka hapa kila siku. Mama Fanny alikaanga yeye mwenyewe. Amenituma nichukue jibu.

— Jibu gani, mama?

— Karanga zilikuwa tamu?

Radio aliacha kutafuna. Avoka akaanza kukunja kile kitambaa polepole, maganda yakimdondokea kwenye suruali. Osée alikitazama kitambaa, akafuta maneno yake kwenye simu, akairudisha mfukoni.

— Avoka, alisema, mama anauliza. Jibu weye. Miye sikuonja.