Leokadia Surma na Maneno Yaliyoonwa na Ukumbi Mzima

Wasikilizaji wapendwa, Leokadia Surma amefariki. Alikuwa na miaka sabini na moja. Hapa Łódź wengi mlimjua kama mfumaji, yule mama mkimya wa mtambo wa dirishani. Lakini kabla ya hapo aliigiza sinema, zile za zamani zisizo na sauti. Aliigiza moja tu. Naam, moja tu, na leo nawaambia kwa nini.

Alitoroka nyumbani akiwa na miaka kumi na minane, akawafuata waigizaji Warsaw. Baba yake Walenty, mfumaji, akamkana. Mwaka uliofuata mama alifariki. Binti akaja na maua, na Walenty akamzuia kwenye lango la makaburi. Jamani! Hata kutupa udongo hakumruhusu.

Ikapita miaka minne, likabandikwa tangazo: Leokadia Surma anaigiza binti anayepiga magoti kumwomba baba yake radhi. Walenty akalainika. Akawaalika wafumaji wenzake wote.

"Jumapili vaeni suti! Mwanangu ananiomba radhi mbele ya Poland nzima."

"Si uliapa hutaki kuiona sura yake?" Ignacy, jirani yake kiwandani, akamchokoza.

"Funga bakuli lako. Jumatatu namwandikia arudi nyumbani."

Sasa sikilizeni. Siku ya kupiga picha, mwongozaji alimwambia Leokadia, "Mwambie baba yako lolote lililo moyoni, ilimradi machozi yatoke. Nani atakusikia?" Akasema, na machozi yakatoka. Chini ya picha wakaandika: "Baba, nisamehe." Warsaw walilia. Kraków walilia.

Lakini sisi wa Łódź mnatujua. Mitambo inanguruma kutwa, humsikii hata aliye ubavuni kwako. Tunasomana midomo tangu utotoni. Leokadia, mtoto wa mfumaji, akalisahau hilo! Ukumbi mzima ukasoma alichosema kweli: "Ulininyima kumzika mama. Na wewe ukifa, sitakuja kukuzika."

Hakulia mtu. Mpiga piano wa kusindikiza sinema peke yake ndiye aliyeendelea, hakuwa mfumaji. Wote wakageuka kumtazama Walenty. Akachukua kofia yake, akatoka. Barua hakuiandika.

Februari mapafu yakamshinda. Dada yake, Pelagia, alitaka kumpelekea Leokadia telegramu Warsaw.

"Usimsumbue," Walenty akasema. "Keshasema haji."

Leokadia alikuja Pasaka, amechoka na ugomvi, amebeba keki ya mbegu za mpopi aliyoipenda baba yake. Halina, binti ya Pelagia, alikuwepo jikoni. Anasema: "Aliuliza, 'Baba yuko wapi?' Mama akamjibu, 'Tumeshamzika.' 'Shangazi, mbona hamkuniita?' Mama akamwambia, 'Ulisema hutakuja, mwanangu. Wote tulikuona.'"

Warsaw hakurudi tena. Alishika mtambo wa baba yake miaka arobaini, katikati ya watu wanaozungumza kwa midomo, na mdomo wake mwenyewe ukabaki umefungwa.

Halina, pole sana, wewe na jamaa wote. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna neno baya ulilomtamkia mzazi au mwana ukadhani halikumfikia, ondoka hapo redioni, nenda kwake leo. Leokadia naye alikwenda. Alichelewa wiki tisa.