Mama Efrazia Bura Lohay (1964–2025), Aliyekifundisha Kiwanda Kusema Kweli

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, majirani wa Gitting, na ninyi wageni mliotoka Katesh, Dongobesh na Haydom, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imenipa mimi, Hilda, binti wa pili wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu. Yeye alihudhuria mazishi mengi, na njiani kurudi nyumbani alizoea kulalamika kwamba kila marehemu anayesomewa wasifu hakuwahi kukosea. Kwa hiyo tumejitahidi kuyaandika kama yalivyokuwa.

Marehemu Efrazia alizaliwa hapahapa Gitting tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne kati ya wanane wa marehemu Mzee Bura Lohay na marehemu Mama Fransiska. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo akiwa na wiki mbili. Wazazi wake walilima ngano, maharage na viazi, na ng'ombe wao ndio waliokuwa kazi yake ya kwanza kabla hajaijua kalamu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Alipokuwa darasa la tano alikuja mkaguzi. Asubuhi hiyo vitabu vilikuwa vimeazimwa kutoka shule ya jirani, na wanafunzi walikuwa wameonywa wasiseme neno. Mkaguzi akauliza, "Vitabu hivi mnavisoma kila siku?" Efrazia akanyoosha kidole. "Hapana, mwalimu. Vimekuja leo na vinarudi leo." Mkaguzi alipoondoka, Efrazia alipewa adhabu ya kuchimba shimo la taka. Jioni Mzee Bura alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukweli umeusema vizuri. Shimo nalo utalimaliza." Kesho yake akamnolea jembe.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1982. Mama yake alikuwa mgonjwa, hivyo alikaa nyumbani miaka mitatu akimuuguza, ndipo akaenda Moshi kusomea utunzaji wa nafaka. Alihitimu mwaka 1987. Februari mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye kinu kikubwa cha unga katika mji mmoja wa mkoa wetu huu wa sasa, kinu ambacho leo hakipo na ambacho hatutakitaja jina.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na baba yetu, Onesphory Akonaay, fundi seremala. Baba anasimulia kwamba alipokwenda kuposa, bibi harusi mtarajiwa alikikagua kiti alichowaletea wakwe kama zawadi, akasema mguu mmoja ni mfupi. Wajomba waliona aibu. Baba alikipima, akakuta ni kweli, akakirudisha karakana. Wiki iliyofuata alikuja na kiti kingine na akakubaliwa. Mungu aliwajalia mabinti watatu: Rogathe, mimi Hilda, na Loveness.

Sasa tunafika mahali ambapo mama mwenyewe alitaka pasirukwe.

Kinu kile kilikuwa na mashine nzuri kuliko zote za eneo letu, na soko lilikuwepo. Lakini mkurugenzi wake hakupenda habari mbaya. Aliyempelekea habari mbaya aligombezwa mbele ya wenzake, na akirudia alihamishiwa kubeba magunia. Baada ya miaka michache watu wote walikuwa wamejifunza. Mkanda ukichakaa, walisema uko sawa. Mteja akirudisha unga, walimweka mlangoni mpaka achoke. Mama alisema kwamba hakuna aliyewaamuru wadanganye. Walizoea tu, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Mwaka 1998, baada ya mvua zile nyingi za El Niño, mahindi yaliingia ghalani yakiwa mabichi. Wakati huo mama alikuwa mkuu wa mapokezi ya nafaka. Asubuhi moja fundi wa mashine, Yohanes Tluway, alimfuata ofisini na kiganja kimejaa mahindi.

"Mama Rogathe, ya katikati yamepata joto. Nusa."

Akanusa. Ulikuwa ukungu.

"Tumwambie mkurugenzi?" Yohanes akauliza.

Mama aliangalia mlango wa mkurugenzi. Wiki mbili kabla, mtunza ghala alikuwa amehamishiwa kwenye magunia kwa kusema kwamba paa linavuja. Mama alikuwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu.

"Saga," akamwambia. "Wewe saga tu, Yohanes."

Unga ule ulipelekwa kwenye shule ya bweni na wanafunzi wengi waliugua. Namshukuru Mungu hakufa hata mmoja. Lawama alibebeshwa Yohanes, kwamba hakusafisha mashine, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Mama alikuwepo ofisini humo na hakumtetea. Wateja waliondoka mmoja mmoja, na mwaka 1999 kinu kilifungwa. Watu arobaini na watatu walirudi makwao.

Mama alirudi Gitting akawa anauza maharage mnadani Katesh. Baba anasema katika muda huo alikuwa anakaa na chakula mbele yake mpaka kinapoa. Ilimchukua miezi minne kupata nguvu ya kwenda Dongobesh, nyumbani kwa Yohanes. Mke wa Yohanes alimkaribisha, akampa maziwa. Yohanes hakukaa.

"Nimekuja kusema kwamba wewe ulinusa, ukasema, na mimi ndiye niliyekwambia saga," mama akasema.

Yohanes akasema, "Nilijua unajua. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unaangalia chini."

Hawakukumbatiana wala kulia. Mama aliomba msamaha, akanywa maziwa, akapanda gari akarudi.

Mwaka 2001 Mzee Nurdin Abdulrahmani, ambaye tuko naye hapa leo, alikuwa ameleta Katesh mashine moja ya kukamua alizeti. Alitafuta msimamizi, akaelekezwa kwa mwanamke anayeuza maharage anayejua nafaka. Mama alimpa masharti mawili. La kwanza, fundi wa kwanza kuajiriwa awe Yohanes Tluway. La pili, mfanyakazi yeyote, hata anayefagia, akiona jambo baya azime mashine, na asigombezwe hata kama atakuwa amekosea.

Mzee Nurdin alicheka. "Mama Rogathe, hiyo ni kampuni au ni kanisa?"

"Ni kampuni, mzee. Kanisani mtu akikosea anasamehewa. Mteja hasamehi."

Mzee Nurdin alikubali. Lakini sharti kwenye karatasi ni rahisi. Kuwafanya watu waamini ndiyo ilikuwa kazi. Mwaka mzima hakuna aliyezima chochote. Hapo mama akaanzisha desturi ambayo wafanyakazi waliopo hapa wanaijua sana. Saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine haijawashwa, wote walisimama uani na yeye akauliza, "Jana tumekosea nini?" Mwanzoni kila mtu alitazama angani. Basi akawa anaanza yeye. "Jana nilimjibu mkulima wa Endasak kwa ukali, na alizeti yake ilikuwa safi. Leo nitamtafuta." Siku nyingine: "Jana nimesaini karatasi ya mizani bila kuangalia." Wiki ya sita akajitokeza Yohanes, akasema kwamba alifunga nati moja vibaya na mafuta yakavuja. Mama akamwambia asante, akauliza anahitaji spana gani. Kuanzia hapo watu wakafunguka.

Nyumbani nako aliuleta mtindo huo mezani. Sisi watoto tulichoka nao, na Loveness alifikia mahali akawa anatunga makosa ili tule haraka.

Jaribu kubwa lilikuja Julai 2014. Mnunuzi wa Arusha alikuwa ameagiza mafuta mengi kuliko kiwanda kilivyowahi kuuza, na mapipa yaliyokuwepo hayakutosha. Mama mwenyewe alikubali kununua mengine yaliyotumika, kwa haraka, bila kuuliza yalibeba nini. Saumu, binti aliyekuwa na wiki mbili tu kazini akiosha mapipa, alizima pampu wakati gari la mnunuzi limeshafika uani. Aliingia ofisini na brashi ya kuoshea mkononi.

"Shikamoo mama. Nimezima mimi. Mapipa yananuka."

"Marahaba. Yananuka nini?"

"Sijui, mama. Kama dawa ya kunyunyizia mazao. Nimeosha mara tatu."

Mama alikwenda akanusa, na yeye hakusikia harufu yoyote. Yohanes naye hakusikia. Dereva alikuwa anapiga honi. Mama alimpigia simu Mzee Nurdin, aliyekuwa Arusha, akamweleza, naye akafoka: "Mama Rogathe, nyie wawili hamsikii harufu, anasikia mtoto wa juzi? Mnunuzi akiondoka harudi!"

"Mzee, nikimwambia huyu ajaze, kesho hakuna atakayezima tena. Hata mimi nikiwaomba."

Mzee akasema, "Haya. Mwambie dereva mimi nimesema."

Gari liliondoka tupu na mnunuzi akakata uhusiano. Siku tisa baadaye majibu ya vipimo alivyoagiza mama yalirudi kutoka maabara: mapipa yale yalikuwa yamebeba dawa ya kuua wadudu wa mazao. Asubuhi iliyofuata mama alisimama uani na kusema, "Majuzi nilinunua mapipa bila kuuliza. Saumu ametuokoa." Kisha akamtumia mnunuzi wa Arusha nakala ya majibu, ingawa hakuna aliyeiomba. Mnunuzi alirudi mwezi wa kumi na moja, na hajaondoka mpaka leo. Saumu sasa ndiye mkuu wa ubora.

Kutoka watu sita, kiwanda kilifika watu sabini na mmoja, na vituo vya kupokea alizeti Dongobesh na Haydom. Mama alistaafu Juni 2021 na kumwachia Eva, aliyeanza akiwa karani wa mizani. Wengi walimuuliza siri ni mashine gani. Alijibu kwamba mashine nzuri zaidi aliwahi kuziona kwenye kinu kilichokufa.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa wachelewaji, na kwa miaka mingi muda wake ulikwenda kiwandani kwanza, ndipo kwetu. Rogathe alipata kipaimara mama akiwa kwenye msimu wa alizeti, na kwa jambo hilo aliomba radhi mara mbili.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa katika hospitali ya Haydom, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Februari mwaka huu daktari alituita sisi familia na kutuambia kwamba dawa hazifanyi kazi tena. Tulikubaliana tusimwambie, ili asivunjike moyo. Siku mbili tuliingia wodini tukitabasamu na kuzungumzia mvua.

Siku ya tatu alinishika mkono. "Hilda, mmekuwa wapole mno. Mnajua kitu ambacho mimi sikijui."

Nilitazama sakafu. Kisha nikamtazama machoni, nikamwambia yote.

Alifumba macho kidogo. "Asante, mwanangu. Nilikuwa mpweke siku hizi mbili. Sasa niitie baba yako, tuna mambo ya kupanga."

Walipanga kwa wiki nne, wakicheka zaidi ya tulivyotegemea. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana, baba akiwa amemshika, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na mmoja.

Ameacha mume, Onesphory Akonaay, watoto watatu, Rogathe, Hilda na Loveness, wajukuu watano, na ndugu zake wanne walio hai. Ameacha pia watu sabini na mmoja ambao leo wamefunga kiwanda na kuja kumzika bila kuagizwa na mtu.

Mama, umesema na umesikilizwa. Bwana akupokee, upumzike kwa amani.