Mpunga Uliokula Uwanja

Ndugu zangu wa jumuiya, asanteni kwa kunipa nafasi. Swali lililoninyima usingizi wiki tatu lilikuwa hili: niseme au ninyamaze? Nikisema, nawaudhi karibu nusu yenu mliokaa hapa. Nikinyamaza, binti mmoja wa kidato cha tatu ataendelea kuamini kwamba miguu yake haifai kitu. Nililigeuza swali hilo mpaka nikaliandikia faida na hasara kwenye daftari. Msicheke. Ndivyo nilivyo.

Mnanijua. Nimemaliza chuo, ajira sijapata, najitolea kufundisha sekondari yetu. Mkuu wa shule alinikabidhi riadha kwa sababu moja tu: "Wewe ndiye kijana." Nikaazima futi ya fundi ujenzi, nikachora mistari ya majivu, mzunguko mmoja mita mia tatu kamili. Yule binti akawa anakimbia mizunguko mitano, yaani mita elfu moja na mia tano.

Kisha mkaanza kuvuna.

Ndugu zangu, nawaambia, sijui nani aliamua kwamba uwanja wa shule ndio mahali pa kuanika mpunga. Turubai la kwanza lilikanyaga mstari wangu kidogo tu. Nilipouliza, mwenyewe akanijibu, "Mwanangu, jua lenyewe la kuibia hili. Sogeza watoto kidogo." Nikasogeza. Kesho yake yakaja mengine mawili. Na jioni hamuondoi! Mnakusanya chungu na kufunika palepale. Nikaenda kwa mkuu. "Mpunga ni wa wazazi," akasema, "na wazazi ndio shule. Zungukeni kwa ndani."

Tukazunguka kwa ndani. Kila siku nafuta majivu, nachora upya, ndani zaidi. Na mimi, mwenye shahada, nikashika saa nikishangilia: binti anazidi kupunguza muda! Nikaja hapahapa kuwatangazia. Mkapiga vigelegele. Mkachanga mchele wa safari.

Kwenye mashindano ya wilaya, binti aliongoza. Alipofika pale miguu yake ilipozoea kumaliza, akatoa nguvu zote. Kumbe bado karibu mzunguko mzima. Akaanza kutembea. Watu wakamzomea, "We dada, unamsubiri nani?" Msichana kutoka Matema akampita, kisha wote wakampita.

Jumatatu akanirudishia raba. "Mwalimu, tafuta mwingine. Mimi mbio zangu ni za hapa nyumbani tu." Baba yake akanikuta njiani: "Sifa zile ulizitoa wapi, mwalimu?" Nilijua jibu, nikalimeza. Nikaacha kwenda shule, nikajifanya naumwa malaria. Mama akawa ananichemshia uji, nami nashindwa kumtazama usoni.

Kilichoniinua kitandani ni huruma yake. Asubuhi moja aliweka kikombe, akasema, "Usijitese. Yule mtoto hana pumzi, basi."

Hana pumzi? Uji ule sikuunywa. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi kuazima futi, nikamwita binti na baba yake uwanjani. Tukapima mzunguko wa mwisho niliouchora kwa mkono wangu. Mita mia mbili thelathini na sita! Binti akachukua kijiti, akazidisha mara tano ardhini. Elfu moja mia moja themanini.

"Kwa hiyo mimi nilimaliza, mwalimu," akasema. "Ni mbio ndizo zilizobaki."

Baba yake akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Namshukuru fundi kwa futi yake. Namshukuru yule baba, ambaye angeweza kunitukana na hakunitukana. Ndaga fijo, asanteni sana. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nikisogeza mstari ili nisigombane na mkubwa yeyote, na aliyelipia upole wangu ni mtoto.

Limebaki jambo moja. Lile turubai la kwanza lilikuwa la mama yangu, huyu aliyekaa benchi la pili. Mama, usiinuke. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, mimi na binti na baba yake tumelishika pembe tukalihamisha. Mpunga wako uko nyuma ya goli. Haujamwagika hata punje, na majivu nimeshachora.